Vinavyoelea Kutoka Uluguru

Historia ya Unguja na Pemba imezoea kuandikwa kwa kutazama bahari kuu. Mwandishi akiuliza vilivyofika visiwani vilitoka wapi, jicho lake huenda Maskat, Shiraz, Hadhramaut na Surat, na kalamu yake hufuata pepo mbili zilizoleta majahazi, kaskazi na kusi. Hilo si kosa, kwani vingi vilitoka huko. Lakini bahari ya visiwa hivi ina milango miwili. Mmoja umeelekea bahari kuu, nao unajulikana. Wa pili ni midomo ya mito ya Mrima, na nyuma ya midomo hiyo, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, imesimama milima ya Uluguru. Kitu kielea kilichopita mlango huu wa pili hakikuja na nahodha wala hakikulipa ushuru, na kwa hiyo hakikuingia katika daftari la forodha. Hata hivyo kina historia yake, na siku hizi kina kesi yake pia.

Uluguru ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, nchini Kenya, ikashuka hadi Udzungwa. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Lupanga, kinachousimamia mji wa Morogoro, kinapita mita 2,100. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mitelemko ya mashariki, zikapoa, zikamwaga mvua. Huko mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Mlima basi hunywa kutoka bahari ile ile unayoirudishia. Maji yake hushuka kwa njia nyingi: Mgeta upande wa kusini magharibi, vijito vya Ruvu upande wa mashariki, na Ngerengere unaopokea Mto Morogoro na vijito vingine vya mjini. Yote hukutana katika Ruvu, na Ruvu huingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mkabala na Unguja.

Watu wa chini walikuwa wakiijua njia hiyo kabla ya ramani. Wazaramo waliokaa karibu na pwani walipanda hadi Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Hawakuhitaji kuelezwa kwamba kisima chao kimeanzia mlimani. Kisichoelezwa mara nyingi ni upande wa pili wa safari hiyo: kinachoshuka kikifika chumvini huenda wapi?

Maji ya mto ni mepesi kuliko maji ya bahari. Yakitoka mdomoni hayazami, wala hayachanganyiki mara moja. Hutanda juu ya chumvi kama mkeka, nayo yana rangi ya udongo. Pale ukingo wa mkeka huo unapokutana na maji ya bahari hujitokeza mstari wa povu. Katika mstari huo maji ya juu hukutana na kuzama, na kisichoweza kuzama hubaki kimekusanyika: majani, matete, mbegu ndefu za mikoko, vipande vya mbao, vifuu, na sasa chupa. Wavuvi huufuata mstari huo kwa sababu samaki wadogo hujificha chini ya taka, na wakubwa huwafuata wadogo. Kwa hiyo safari ya kitu kilichotoka mlimani haianzi kwa kutawanyika. Huanza kwa kukusanywa, kisha bahari ndiyo hugawa.

Mgawaji wa kwanza anayedhaniwa ni kujaa na kupwa. Maji ya mlango wa Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kungine hupita muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Asiyeizoea bahari hudhani kwamba kujaa huleta na kupwa huchukua. Lakini kitu kilicho katikati ya maji huenda na kurudi karibu na kilipokuwa, kama mtoto kwenye pembea. Kazi ya kujaa na kupwa iko kwingine. Maji hayarudi kwa njia ile ile hasa yaliyoendea, kwani hukwama kwenye mafungu, huzunguka rasi, na hukimbia katika mikondo myembamba ya miamba. Kila pembea basi hukisogeza kitu kidogo kutoka njia moja hadi njia jirani, na vitu viwili vilivyotoka mdomoni pamoja hujikuta vimeachana. Kazi ya pili ni kupandisha. Bamvua huweka vitu juu kabisa ya ufukwe, mahali ambapo maji ya siku zinazofuata hayafiki. Hapo hungoja majuma mawili hadi bamvua jingine, na kama hilo ni dogo kuliko lililopita, hubaki na kufukiwa na mchanga. Ufukwe hauonyeshi kilichopita baharini jana. Huonyesha kile bamvua kilichokipandisha na kilichoshindwa kukichukua tena.

Mgawaji wa pili ni mkondo wa pwani. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi, ukalifikia bara karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika. Tawi la kaskazini ndilo linalopita mbele ya Mafia, Unguja na Pemba, na huelekea kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Oktoba, mkondo huu hupata nguvu na nje ya visiwa huweza kufikia maili 3 au 4 za bahari kwa saa. Kaskazi ikivuma hupungua, na karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, yote mawili yakageukia bahari kuu. Ndani ya mlango wa Unguja, ambako maji ni haba kwa kina, nguvu yake ni ndogo na upepo husikika zaidi. Lakini mwelekeo wa kawaida ni ule ule. Kilichopotea Bagamoyo huulizwa kwanza Saadani, kisha Pangani, kisha Tanga.

Mgawaji wa tatu ni upepo wenyewe, na huyu habagui mahali tu, hubagua na umbo. Wanaohesabu mwendo wa vitu vielea hukadiria kwamba upepo hukisukuma kitu kwa asilimia 2 au 3 ya kasi yake, lakini kadiri hiyo hutegemea ni kiasi gani cha kitu kimesimama nje ya maji. Chupa tupu husafiri kama tanga dogo. Gogo lililoloa, lililobakisha mgongo tu juu, hutii mkondo na kuupuuza upepo. Nazi iko kati ya hayo mawili. Vitu vitatu hivyo, vikitoka Ruvu kwa furiko moja, huweza kuishia fukwe tatu mbalimbali kwa majuma tofauti.

Hapa kalenda ya mlima na kalenda ya bahari hukutana kwa namna isiyotajwa sana. Ruvu hujaa kuliko wakati wote katika masika, kati ya Machi na Mei. Wakati huo ndio wa maleleji, kaskazi imekufa na kusi haijashika. Mto huwa umebeba mzigo wake mkubwa kabisa katika majuma ambayo upepo hauna amri moja: asubuhi umande huvuma kutoka bara na kuvisukuma vitu kuelekea kisiwani, mchana upepo wa baharini huvirudisha, na kujaa na kupwa huvichanganya. Kusi ikishika, kilichobaki majini husombwa kaskazini, na kwa kuwa kusi ya hapa huvuma kutoka kusini mashariki, sehemu kubwa hukwaruza pwani ya bara. Fursa ya Unguja kupokea vya Uluguru basi ni hasa ile ya masika, katika fukwe zake za magharibi, kabla upepo haujaamua.

Maneno yaliyotumika hapa, bamvua, maji mafu, umande, maleleji, wapenzi wa ushairi huyajua kwa utamu wake. Hayakutungwa kwa ajili ya shairi. Yalitungwa kazini, na watu waliohitaji kujua chombo kilichokatika nanga kitaonekana wapi kesho. Ushairi uliyakopa baadaye, na umeyahifadhi vizuri kiasi kwamba msomaji huweza kuyasikia bila kukumbuka kwamba kila moja ni kipimo.

Mlango wa bahari kuu ndio uliopata sifa. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii karibu na mwaka 916 na kufika Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hukitambua kuwa Pemba, aliandika juu ya ambari inayotupwa na mawimbi katika fukwe za Zanj na kuisifu kuwa bora. Hiyo ilikuwa bidhaa isiyopandwa wala kuwindwa ufukweni, ilisubiriwa tu. Miaka zaidi ya mia tisa baadaye, tarehe 26 na 27 Agosti 1883, mlima wa volkano wa Krakatau ulilipuka kati ya Java na Sumatra. Mawe yake mepesi, yenye vitundu kama sifongo, yalielea magharibi kwa miezi, na katikati ya mwaka 1884 yalifika Unguja. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba yalikuja pamoja na mafuvu na mifupa ya watu. Maiti za pwani ya Sunda zilivuka bahari nzima juu ya mawe yaliyowaua.

Katika zama za karibu, ndege ya Malaysia Airlines ya safari MH370 ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kipande chake cha kwanza kilionekana kisiwani Réunion, Julai 2015. Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilipatikana karibu na Kojani, upande wa mashariki wa Pemba, na Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa ni cha ndege hiyo. Ili kujua vipande hivyo vilianzia wapi, wataalamu wa Australia walitengeneza mifano ya kipande cha Réunion, wakaiacha ielee baharini na kupima upepo unaisukumaje. Swali lao lilikuwa lile lile la nahodha wa zamani, ila limegeuzwa: si kitaonekana wapi kesho, bali kilikuwa wapi jana. Kojani, kisiwa cha wavuvi, kikawa ushahidi katika kesi ya dunia nzima.

Mlango wa mto haukupata mashahidi kama hao, isipokuwa mara moja moja. Mwaka 1872 ulikuwa mmojawapo. Karibu na Morogoro ya leo, kandokando ya Ngerengere, palikuwa na mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, na baada yake ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene, ambaye wageni waliuita mji kwa jina lake. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Aliona minara ya mawe pembeni na milango minene ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiarabu, akadhani kuwa ilichongwa Unguja au pwani ikabebwa huko ubao mmoja mmoja. Ikiwa alidhani sawa, basi kazi ya mafundi wa kisiwani ilipandishwa kwa mabega ya wapagazi hadi chini ya Uluguru.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Vyombo vingi vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa nchi kavu, na mikarafuu na minazi ya Unguja kwa sehemu kubwa iling'olewa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Stanley alikuwa njiani kurudi pwani katika masika hayo hayo. Alipofika kwenye mji wa Kisabengo mwishoni mwa Aprili alikuta Ngerengere umefurika, umechukua sehemu ya ukuta pamoja na nyumba nyingi, na mtawala amekimbia. Siku chache baadaye, tarehe 6 Mei, aliingia Bagamoyo.

Matukio hayo mawili huandikwa katika vitabu viwili: tufani katika historia ya karafuu, furiko katika historia ya misafara. Maji hayakuwa na vitabu viwili. Mabaki ya majahazi yalielea katika mlango wa Unguja kwa majuma yale yale ambayo Ruvu ilikuwa ikitapika miti, mapaa na nguzo za bara. Mbao za pwani zilizopandishwa kwa jasho, mto ulikuwa na nguvu ya kuzishusha bila mpagazi. Masika moja iliuvunja mji wa mlimani na bandari ya kisiwani, na bahari kati yao ikapokea vyote.

Elimu ya mwendo wa vielea haikubaki ya kale. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi na kuua mamia ya watu. Kusi ilikuwa bado na nguvu. Baadhi ya walionusurika walikutwa wameshikilia magodoro. Wapiga mbizi waliotoka Afrika Kusini hawakuweza kuifikia meli kwa sababu ya kina na ukali wa maji, na habari za maiti zilifuatwa kaskazini, kuelekea Tanga na pwani ya Kenya. Kwa familia zilizosubiri, swali la mkondo unakwenda upande gani na kwa kasi gani halikuwa la kitabuni. Kila saa iliyopita bila jibu iliupanua mduara wa kutafuta.

Na kesi ya mlango wa mto ndiyo hii. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na chupa za plastiki zimeendelea kuuzwa pande zote. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, sheria ya kisiwa iliishia kwenye mstari wa maji. Mfuko uliotupwa katika kijito cha Morogoro haukuwa chini ya sheria hiyo, nao ulikuwa na njia iliyo wazi: kijito hadi Ngerengere, Ngerengere hadi Ruvu, Ruvu hadi mstari wa povu, na umande wa asubuhi hadi ufukwe wa magharibi. Kisiwa kinaweza kutunga sheria kwa ajili ya watu wake. Hakiwezi kutunga kwa ajili ya masika.

Jibu rahisi ni kuuamrisha mlima. Jibu hilo limeshajaribiwa. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, kwa hofu ya udongo unaomomonyoka na mito inayoharibika. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika mitelemko yao, kazi nzito iliyofukua udongo mfu na kuufukia ulio hai. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukakoma. Watu wa juu walikuwa wameambiwa wabebe mzigo kwa faida ya watu wa chini, wala hawakuulizwa wala hawakulipwa. Nusu karne baadaye, katika vijiji vya Kibungo Juu, njia nyingine ilijaribiwa: watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walioko Dar es Salaam walichangia malipo kwa wakulima waliohifadhi udongo na miti. Malipo yalikuwa madogo, lakini msingi wake ulikuwa wa haki zaidi, kwamba anayekunywa chini ana deni kwa anayelima juu.

Katika hesabu hiyo visiwa havikuwamo, kwa kuwa havinywi maji ya Ruvu. Lakini hupokea kinachoelea juu yake, na kwa hiyo vina haki ya kusema na wajibu wa kuchangia. Kinachohitajika kwanza si hotuba bali daftari ambalo forodha haikuliweka: kilichookotwa Mangapwani mwezi wa Mei, kilichookotwa Matemwe mwezi wa Agosti, ni gogo au chupa, kina chaza au hakina. Kitu kilichoota chaza wengi kimekaa baharini muda mrefu, na huenda kimetoka mbali. Kilicho safi, chenye udongo mwekundu bado katika mikunjo yake, kimetoka jirani. Wavuvi wa Tumbatu na Kojani hulisoma jambo hilo kwa kutupa jicho mara moja. Likiandikwa kwa misimu kadhaa, litaonyesha bila kugombana na mtu ni sehemu gani ya taka za ufukweni ni ya bahari kuu, ni ipi ya kisiwa chenyewe, na ni ipi iliyoshuka kutoka chini ya Lupanga. Mazungumzo na watu wa mlimani yataanzia hapo, kati ya majirani wa maji yale yale, na kabla masika nyingine haijafungua mlango.